Nusu Saa ya Kila Siku: Hotuba kwa Wanaoanza Kujifunza Kuandika Programu

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, walimu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi vijana mlioahirisha shughuli za Jumamosi mkaja kuujaza ukumbi huu wa Sinza, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze na watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu ya kompyuta na wangependa kuanza. Ningeweza kuumaliza muda niliopewa kwa kuzitaja lugha za programu na kuzilinganisha moja baada ya nyingine, lakini vijana ninaokutana nao katika jiji hili hawakwami hapo. Huanza kwa hamu kubwa, wiki ya kwanza wanakesha hadi saa nane za usiku, wiki ya pili wanapunguza, na ikifika wiki ya nne kompyuta imebaki kuwa ya kutazamia tamthilia. Wakiulizwa, hujibu kwamba somo lilikuwa gumu, au kwamba wao hawakujaliwa akili ya hisabati. Mimi sikubaliani na majibu hayo. Kilichokosekana ni desturi ya kuirudia kazi kila siku, kwa muda mfupi unaovumilika, na hilo ndilo nitakalolizungumzia leo.

Vifaa vya kujifunzia havikuwa rahisi kupatikana hapa kwetu. Wazee waliopo wanaweza kukumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa mashine ziliendelea kuwa za kuhesabika, zikikaa katika ofisi ambazo kijana wa mtaani hakuwa na njia ya kuzifikia. Mkongo wa baharini wa SEACOM, unaobeba intaneti, ulifika pwani yetu hapa Dar es Salaam mwaka 2009, na tangu hapo mambo yamebadilika kwa kasi. Leo kijana mwenye simu janja ya bei nafuu anaweza kupakua programu kama Pydroid 3 mara moja tu, kisha akaandika na kuendesha msimbo, yaani mistari ya programu, wa lugha ya programu iitwayo Python bila bando lolote. Mwenye kompyuta mpakato, hata kuukuu iliyonunuliwa kwa mtu, anaweza kuiweka Python bure na kupata ndani yake kila kitu anachohitaji kwa miezi ya mwanzo. Nayasema haya mapema ili tusije tukaendelea kusubiri kompyuta nzuri zaidi ndipo tuanze.

Sasa, kwa nini kila siku? Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe, kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana na kujipima baada ya muda. Aliona kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni: ndani ya siku moja tu, takribani theluthi mbili ya faida ya kazi yake ilikuwa imepotea, ingawa kuanzia hapo kasi ilipungua, hata baada ya mwezi bado alikuwa amebakiwa na takribani moja ya tano. Aliona pia jambo ambalo kila anayejifunza angepaswa kulijua. Marudio 38 yaliyosambazwa katika siku 3 yalimpa matokeo sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa mkupuo mmoja. Kijana anayekaa saa tatu na nusu kila Jumamosi na yule anayekaa nusu saa kila siku wanatumia muda uleule kwa wiki, lakini wa kwanza atalazimika kila Jumamosi kutumia sehemu kubwa ya muda wake kukumbuka alichokisahau, tena atafika hapo akiwa na wasiwasi, kwa sababu kitu kisichoguswa kwa siku sita huonekana kigumu kuliko kilivyo.

Watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Ujerumani kulijua hili. Mwalimu wa madrasa hampi mtoto sura ndefu nzima siku moja ya wiki akamwacha nayo. Humpa aya chache, na kesho yake, kabla ya kumpa aya mpya, humsikiliza kwanza zile za jana, na akikuta zimeyumba humrudisha. Nawaomba muuchukue utaratibu huo kama ulivyo. Kila siku, kabla ya kufungua somo jipya, fungua ukurasa mtupu na uiandike tena programu ya jana bila kuangalia. Ikikataa kutoka, hilo ndilo somo la leo, na wala hujachelewa popote.

Kuhusu muda, mwaka 2016 kulianzishwa mtandaoni changamoto iitwayo 100DaysOfCode, inayomtaka mshiriki aandike msimbo kwa muda usiopungua saa moja kila siku kwa siku 100. Imewasaidia wengi na sina neno baya juu yake. Hata hivyo, kwa kijana anayeanza kabisa, anayefungua duka Kariakoo saa mbili asubuhi na kurudi Mbagala usiku, saa nzima ya kila siku ni ahadi nzito, na ahadi nzito ikivunjwa mara mbili huleta aibu, na mwenye aibu huacha. Nusu saa inatosha. Siku ya msiba, ya homa au ya hesabu za mwisho wa mwezi, dakika kumi zinatosha, ilimradi ndani ya dakika hizo umeandika kitu na kukiendesha.

Msiamini mkiambiwa kwamba desturi hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 wa kujitolea kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kulifanya kila siku, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mpaka jambo hilo liwe la mazoea ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati, huku makadirio yakianzia siku 18 kwa mmoja hadi siku 254 kwa mwingine. Kwa hiyo mwenzako akizoea mapema, hilo halisemi chochote juu yako. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa desturi kwa kiasi cha kuonekana. Nalirudia hili kwa makusudi, kwa kuwa nimeona vijana hodari wakiacha kabisa kwa sababu ya siku moja tu waliyoikosa. Ukikosa leo, kesho endelea pale ulipoishia, wala usijitwishe deni la saa nzima ili kufidia.

Nimesema kuandika na kuendesha, na hapa naomba nikae kidogo. Video za mafunzo zimejaa kila mahali, nyingi ni nzuri, na mtu anaweza kuzitazama kwa miezi akiamini kwamba anajifunza. Mwalimu kwenye video anaandika mstari, unafanya kazi, nawe unatikisa kichwa kwa kuelewa. Zima video, fungua ukurasa mtupu, ujaribu mwenyewe, na vidole havijui pa kuanzia. Kipimo cha siku yako kiwe mistari uliyoiandika wewe na kompyuta ikaijibu, hata ikiwa ni mitatu, na hata ikiwa jibu la kompyuta ni kwamba umekosea.

Niwaonyeshe mistari mitatu ya namna hiyo. Tumchukue mama lishe wa Mwenge anayetaka kujumlisha mauzo ya jana na ya leo. Mwanafunzi wa Python katika wiki yake ya kwanza anaweza kumwandikia hivi:

jana = input("Mauzo ya jana: ")
leo = input("Mauzo ya leo: ")
print(jana + leo)

Mstari wa kwanza na wa pili unauliza swali na kulihifadhi jibu chini ya jina. Mstari wa tatu unajumlisha na kuonyesha. Mwanafunzi anaendesha, anajaza 45000, anajaza 60000, na kompyuta inamjibu 4500060000. Shilingi bilioni nne na nusu na ziada, kwa siku mbili za kuuza wali maharage! Kompyuta haijaharibika. Kila kinachoingizwa kwa njia ya input hupokelewa kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na maandishi mawili yakijumlishwa hubandikwa tu moja baada ya jingine. Dawa yake ni kuiambia Python igeuze maandishi kuwa namba, kwa kuandika int(input("Mauzo ya jana: ")), na vivyo hivyo kwenye mstari wa leo, na jibu sahihi la 105000 litatoka.

Kosa hilo likimpata mtu saa tano usiku akiwa na saa tatu mfululizo kwenye kiti, atafunga kompyuta kwa hasira. Likimpata mwishoni mwa nusu saa yake, ataandika kwenye daftari, "Kwa nini imebandika badala ya kujumlisha?" na atalala nalo. Kesho yake ataingia akiwa na swali mkononi, na hakuna namna bora ya kuianza siku ya kujifunza kuliko hiyo. Ndiyo maana nawashauri muiache kazi mahali mnapopajua, swali la kesho likiwa limeandikwa, badala ya kuendelea mpaka mchoke.

Programu hii ndogo haijaisha. Siku ya tatu mama mwenyewe atajaza 45,000 kwa alama ya mkato, kama sisi sote tunavyoandika fedha, na programu itakatika kwa ujumbe wa ValueError, kwa sababu int haiukubali mkato huo. Mwanafunzi atajifunza kuuondoa kwa replace(",", "") kabla ya kugeuza. Siku ya nne atataka mauzo ya wiki nzima, ataandika kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kwa kutumia for siku in range(7), na atashangaa kuona siku zake zikihesabiwa kuanzia 0 hadi 6. Siku ya tano atagundua kwamba programu ikifungwa hesabu zote zinapotea, atajifunza kuziandika kwenye faili, na pengine atalifungua faili hilo kwa herufi "w" na kuona mauzo ya jana yamefutwa, mpaka ajue kwamba herufi "a" ndiyo inayoongeza bila kufuta. Hakuna hata moja kati ya haya linalozidi nusu saa likichukuliwa peke yake. Yakirundikwa katika Jumamosi moja, humvunja moyo mtu mwenye akili zake timamu.

Kizingiti kingine ambacho vijana wetu hukitaja kwa sauti ya chini ni Kiingereza. Ni kweli kwamba msimbo na ujumbe wa makosa huandikwa kwa lugha hiyo, lakini ukubwa wa tatizo hili umekuzwa. Python, lugha aliyoianzisha Mholanzi Guido van Rossum na kuitoa kwa umma mwaka 1991, ina maneno teule 35 tu, yaani maneno ambayo lugha yenyewe imeyatenga kwa kazi maalumu, na anayeanza hutumia kumi au kumi na mawili kwa miezi ya mwanzo. Ukiondoa hayo na majina ya vitendo vilivyomo tayari ndani ya Python, kama print na input, majina mengine unayatunga wewe, na kompyuta haijali ukiita jumla, bei, mteja au deni_la_mpangaji. Andikeni kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu akisoma msimbo wake mwenyewe kwa lugha anayoiwazia huona kosa haraka zaidi. Kuhusu ujumbe wa makosa, anzeni kuusoma kutoka mstari wa mwisho, kwa sababu Python huweka aina ya kosa na maelezo yake hapo chini, na namba ya mstari wenye tatizo juu yake. Ukiandika pirnt badala ya print, matoleo ya Python kuanzia 3.10 yatakuambia kwamba jina hilo halijulikani na kukuuliza kama ulimaanisha print. Kila aina mpya ya kosa iandikwe kwenye daftari pamoja na maana yake kwa Kiswahili na jinsi ulivyolitatua. Aina unazokutana nazo mwanzoni ni chache na zinajirudia, kwa hiyo daftari hilo halichukui muda mrefu kuwa msaada wako wa karibu.

Kuhusu saa ya kufanya kazi hii, jiji letu lina mambo yake. Ndani ya mwendokasi ya kutoka Kimara asubuhi mtu hana hata pa kushika, sembuse kuandika; safari hiyo inafaa kwa kuwaza swali la jana, lakini isihesabiwe kuwa nusu saa yako. Ifungeni nusu saa kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya kila siku: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kufunga duka, au mara tu baada ya kuoga jioni. Kifaa kiwe kimechajiwa mapema. Umeme ukikatika na chaji ikaisha, chukua kalamu, andika programu ya jana kwenye karatasi, kisha uifuate mstari kwa mstari ukiandika pembeni kila jina lina thamani gani kwa wakati huo. Hilo ni zoezi kamili, wala si la kusogezea muda, na nimeona watu wakielewa kitanzi kwa karatasi baada ya kushindwa kukielewa kwenye kioo kwa wiki nzima.

Wazazi, hapa naomba niseme nanyi moja kwa moja. Kijana wa kiume akiinamia simu yake jioni, mara nyingi huachwa. Binti akifanya hivyo huitwa jikoni, huitwa kumwogesha mdogo wake, huitwa kupokea mgeni, na nusu saa yake hukatika vipande vitano ambavyo havimfundishi kitu. Kazi za nyumbani ni za lazima na sisemi aziache. Naomba akubaliwe nusu saa inayojulikana na nyumba nzima, yenye saa yake, ambayo ndani yake hataitwa na mtu, na kaka zake washike sufuria kwa muda huo. Ukumbi huu una mabinti wengi leo, na mama Grace Hopper, aliyebuni mwaka 1952 mojawapo ya programu za kwanza kabisa za kugeuza maelekezo ya binadamu kuwa lugha ya mashine, hakupungukiwa na chochote walichonacho wanaume aliofanya nao kazi.

Najua mtaniuliza juu ya akili mnemba, kwa sababu sasa mtu anaweza kuiagiza programu kwa sentensi moja na kuipata imekamilika. Kwa mwenye kujua kazi hii, ni msaidizi mzuri. Kwa anayeanza, naomba iwe ya kuulizwa baada ya kujaribu, tena iulizwe maelezo: kosa hili lina maana gani, kwa nini mstari huu unabandika badala ya kujumlisha. Ukipewa msimbo mzima ukaunakili, siku yako imepita bila wewe kuandika, na siku programu itakapomkatalia mama lishe mbele ya wateja hutajua pa kuanzia kuitengeneza.

Mwisho, tafuteni mwenza. Wawili wanatosha, mkae mtaa mmoja au msikae. Kila usiku mmoja amtumie mwenzake picha ya msimbo alioandika siku hiyo na sentensi moja ya swali aliloacha kwa ajili ya kesho. Asiyetuma aulizwe kwa upole asubuhi. Na ndani ya mwezi wa pili, kila mmoja amtafute mtu halisi mwenye hesabu halisi, awe mhazini wa kikoba, fundi cherehani mwenye vipimo vya wateja, au mwenye nyumba anayegawa gharama za LUKU kwa wapangaji, amwandikie programu ndogo inayofanya kazi moja tu, kisha akae pembeni yake amwone akiitumia. Atakachokiona hapo kitampa maswali ya nusu saa nyingi zijazo.

Ndugu Mwenyekiti, meza mbili za nyuma zina kompyuta zenye Python tayari, na ile mistari mitatu ya mauzo imebandikwa ukutani. Kabla ya chakula ningependa kila kijana apite pale, aiandike kwa vidole vyake mwenyewe, aione ile bilioni nne na nusu, na aanze kuirekebisha. Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali.